Kengele ya Watasema

Sisi wenye tulikomalia ku Walikale, pale pori ilikuwa inaanza nyuma ya jikoni, hatukujua kama imbwa inaweza kubakia peke yake ndani ya nyumba. Ingebakia namna gani? Mulango yetu ilikuwa ya mianzi, haikujua kufuli ni kitu gani. Koko yetu, mama ya Papa, alikuwa anashinda ku kiwanja akichambua ngazi za mafuta ya mawese, vidole vyekundu mpaka ku kiganja, na kila mwenye kupita alipita akimusalimia. Sisi wasichana tulikuwa tunacheza nzango mbele yake, miguu juu, mikono ikipiga, vumbi mpaka ndani ya meno. Imbwa ililala katikati ya muchezo na sisi tuliiruka tu. Mama alikuwa anatoa kichwa jikoni, harufu ya lituma ya ndizi ikimufuata, na kulalamika: "Mukanyage mukia ya ile imbwa! Leo mutakula sombe tupu, muone!" Juu ile imbwa njo ilikuwa inatuletea nyama.

Jina lake ilikuwa Usinicheke. Papa alikuwa muwindaji, na kwetu jina ya imbwa ilikuwa njia ya kuwajibu majirani bila kugombana. Usinicheke alikuja akiwa mudogo, mifupa tupu, sikio moja imekatika, na batu walicheka.  Papa alimupa jina, na kila asubuhi alimuita kwa sauti kubwa, barabara yote isikie: "Usinicheke! Usinicheke, kuja!" Kisha miezi sita kupita, wale wenye kucheka walikuwa wanatuma sahani kuomba mapande ya nyama. Vijana wa leo wanapa imbwa majina ya wachezaji wa mupira, wanaipiga picha, wanatuma picha ku telefone, na jioni hawajui kama imekula.

Asubuhi ya kuwinda, Papa alitelemusha kengele ya muti yenye ilikuwa inatundikwa ku musumari pembeni ya mulango. Kengele nzito, nyeusi kwa moshi, yenye kulia ko-ko-ko. Kazi yangu ilikuwa kuijaza majani makavu ya ndizi, isilie mpaka wafike porini. Mimi njo nilikuwa ninaijaza, si kaka zangu. Papa aliifunga ku shingo ya Usinicheke, na pale pale ile imbwa ilikuwa kiumbe kingine. Ilitetemeka mwili muzima. Ililia, ilikwangura udongo, ingeweza kutoboa ukuta kwa hamu ya kwenda. Jioni, kabla Papa hajanawa, kabla hajakula, aliifungua ile kengele, akaitundika, akasema: "Kazi imeisha. Lala." Na Usinicheke alilala kama mufu, ungeweza kumuwekea sufuria juu ya tumbo.

Munisikilize muzuri, siko muzee. Meno yangu yote iko. Mutoto wangu Neema ana miaka saba tu. Lakini naandika hii nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu ya ile kengele.

Leo niko Kibabi, ku baridi ya Masisi, kwenye batu wanakunywa maziwa kama maji. Mume wangu anachunga ng'ombe za watu kule juu milimani, anashuka mara moja kwa juma. Asubuhi Neema anaenda ku masomo, mimi naenda ku shamba ya maharagi, naweka kufuli. Mwaka uliopita Papa alinitumia imbwa, mujukuu wa Usinicheke, ndani ya kitunga nyuma ya pikipiki, kengele ya zamani ku shingo. Nilimupa jina Watasema. Sasa mwenye nyumba yetu, Mama Sifa, muuza maziwa, yuko na kuku. Imbwa ilipokomaa, aliniomba kitu kimoja: "Ma' Neema, ukienda, uivalishe ile kengele. Ikitoka, niisikie mbele kuku zangu ziisikie." Ni haki yake. Kila asubuhi niliivalisha, niliifungia ndani, nilienda.

Siku ya kwanza ya kengele ilikula mulango. Sisemi ilikwangura, nasema ilikula. Mbao za chini ilibakia kama meno ya koko. Siku ya pili ilitoa nyasi yote ya matela yetu ya kulalia, nyumba ikafanana na kiota. Siku ya tatu ilipasua kaye, daftari ya hesabu ya Neema, na unifome yake ya kubadilisha, sketi ya bleu ikawa kamba. Niliporudi nilishika fimbo, nikaipiga, na ile imbwa ilikuja kunilamba mikono katikati ya fimbo. Hiyo njo iliniudhi kupita yote. Neema alikuwa analia: "Mama, muache! Alikuwa anakuita tu!" Nilimujibu vibaya, siandiki vile nilisema.

Siku ya ine, Watasema alipita mu tundu ya mulango na kumwaga bido nzima, jerikani ya maziwa ya Mama Sifa. Mama Sifa alikuja mikono ku kiuno.

"Ma' Neema, mimi sigombani."

"Najua, Mama."

"Sigombani. Lakini siku ya Mungu, tukitoka ku kanisa, nisikute ile imbwa hapa. Nikiikuta, mutoke nayo wote. Nitafurahi sana kubakia na kuku zangu."

Majirani kila mumoja alikuwa na dawa. Mumoja alisema niifunge munyororo. Mwengine alisema nipake pilipili ku mulango. Nilipaka, Watasema aliilamba na kuomba maji. Kijana mumoja wa hapa aliniambia kama ku telefone yake iko video ya muzungu anaimbia imbwa. Nilimuuliza: "Na muzungu analima maharagi saa ngapi?" Nyumba nyingine kwa bei ile hatuna. Na ile imbwa ni ya mwisho ya ukoo wa imbwa za Papa. Neema aliacha kula.

Basi siku ya tano nilipanda ku kilima, kwenye rezo ya telefone inashika, nikamuita Papa. Nilimwaga hasira yote mu sikio yake. Alingoja nimalize.

"Mama," Papa ananiita hivyo, kwa heshima ya koko, "wakati unatoka, kengele iko wapi?"

"Ku shingo yake, Papa. Mama Sifa alitaka..."

 Nikasikia muzee anacheka mpaka anakohoa.

"Unaivalisha kengele?"

"Ndiyo."

"Kisha unaifungia mulango."

Nilikaa chini juu ya majani yenye maji. Mimi. Mimi mwenye nilikuwa ninaijaza majani makavu! Kila asubuhi nilikuwa ninamuambia Watasema: simama, twende kuwinda. Kisha naweka kufuli, naenda bila yeye. Damu ya Usinicheke ingefanya nini? Ilifanya kazi yake. Ilitoboa ukuta.

"Na fimbo?" Papa aliuliza. "Unaipiga wakati gani?"

"Nikirudi."

"Ah. Kwa hiyo inangoja muchana muzima urudi, na ukirudi ni fimbo. Ungekuwa wewe, ungetulia?"

 Aliniambia ya kufanya, na haikuwa ya maajabu. Kwanza uitembeze asubuhi, ichoke kidogo. Uvue kengele, uitundike kwenye inaiona. Utandike kikwembe yako ya shamba, yenye haijafuliwa, ibaki na harufu yako. Useme maneno. Kisha utoke, lakini usiende mbali: fika ku robine ya maji, rudi. Fika ku njia panda, rudi. Kidogo kidogo, ijue kama mwenye kutoka anarudi.

Siku ya posho, ile inatangulia siku ya Mungu, hatukuenda ku shamba; nilipigilia mbao ku tundu ya mulango. Nilimuendea Mama Sifa, nikapiga magoti, nikamuomba kengele ibaki ku musumari. Aliniangalia sana. "Ikamate kuku moja tu, Ma' Neema. Kuku moja tu." Muchana wote mimi na Neema tulikuwa tunatoka na kuingia kama wenda wazimu. Ku robine bila bido. Ku njia panda bila sababu. Mara ya tatu Watasema alilia. Mara ya sita alikwangura kidogo. Mara ya kumi tulimukuta amelala, sapato moja ya Neema ku kinywa, haijatafunwa.

Siku ya Mungu, misa ilikuwa ndefu. Padiri hakujua nina matatizo. Tulirudi tukikimbia. Mama Sifa alikuwa amefika mbele yetu, sikio yake iko ku mbao za mulango wetu.

"Ma' Neema," alisema polepole, "imbwa yako imekufa ao?"

Nilifungua. Ufagio ilikuwa vipande vipande, nakubali. Lakini Watasema alikuwa amelala juu ya kikwembe, pua ndani ya pindo, na kengele ilikuwa kimya ku musumari. Mama Sifa aliangalia ufagio, akaangalia mulango, akasema: "Ufagio si kuku." Akaenda zake. Kwa Mama Sifa, hiyo ni baraka.

Enzi yetu hakuna mwenye alifundisha imbwa kubakia peke yake, juu hakuna kiumbe kilibakia peke yake, hata kuku. Leo tunaweka kufuli, tunagawanyika asubuhi kila mumoja njia yake, na tunashangaa kama mwenye kufungiwa analia. Siwezi kurudisha kiwanja ya koko na mikono yake myekundu. Jana Neema alikuwa anaangalia kengele, akaniuliza tutaivalisha Watasema siku gani. Nilimuambia: siku ya posho, tukipanda kumuona baba yake milimani. Ameshaanza kuokota majani makavu ya ndizi. Tutaivalisha, tutafungua mulango, na safari hii tutaenda naye.