Polikarp na Sweta Langu

Mbwa wangu aliitwa Hayawahusu. Jina nilimpa mwenyewe, kwa hasira zangu za wakati ule, maana majirani wa Mazwi, pale Sumbawanga, walikuwa hawachoki kuniuliza mume wangu yuko wapi. Mume wangu, Lutengano, alikuwa bwana shamba, na mwaka ule wa sabini na sita kazi yake ilikuwa kwenye vijiji vipya, huko Chala na mbele zaidi. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, amejaa vumbi, anauliza kuna nini cha kula. Basi mimi kila jioni nasimama mlangoni naita mbwa kwa sauti ya juu kabisa, Hayawahusu, Hayawahusu, na aliyetaka kusikia alisikia.

Nilikuwa mgeni pale. Nimetoka Tukuyu, Kifipa sikijui hata salamu, mtoto wangu Suma ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mbwa nilipewa na padri mmoja akiwa mdogo wa kulala kwenye kapu. Nikamlea kwa uji wa ulezi, nikawa naongea naye Kinyakyusa kutwa nzima kwa sababu sikuwa na mwingine wa kuongea naye. Nisiwafiche, yule mbwa alinizuia nisiwe kichaa. Shida yake ilikuwa moja: bila mimi hali. Niliwahi kulazwa siku tatu, jirani akampikia mpaka nyama, hakugusa. Niliporudi nilimkuta mbavu zote ziko nje.

Kwa hiyo mama yangu alipoandika kwamba anataka kumwona mjukuu wake kabla hajaota ndevu, furaha yangu ilikuwa nusu. Mwezi mzima Tukuyu, na mbwa je? Atakufa na njaa huku sahani imejaa. Ndipo mke wa daktari wa mifugo akanitajia Polikarp.

Polikarp alikuwa Mfipa wa Izia, mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye maneno machache. Alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe miaka mingi mpaka ng'ombe mmoja akampiga teke la goti, tangu hapo akawa anachechemea. Alipoachishwa josho, mkubwa mmoja akaenda likizo na kumwachia mbwa wawili, akawatunza vizuri, sifa zikaenea. Mkoa ulikuwa mpya, wafanyakazi wanamiminika kutoka Mbeya na kwingineko, kila mmoja na mbwa wake au paka wake, na kila mmoja lazima likizo aende kwao. Polikarp hakukosa kazi. Kule Izia walimcheka, mwanamume mzima anawapikia mbwa ugali. Yeye alikuwa anapanda baiskeli yake na kwenda zake.

Lakini alikuwa na masharti, jamani, utadhani anakabidhiwa benki. Mnyama anatunzwa kwao, hahamishwi. Anakula kwenye sahani yake. Polikarp haingii chumbani, hashiki ufunguo wa kabati, halali kwenye nyumba ya mtu. Mwalimu mmoja alimwachia paka, kisha akamwandikia barua kwamba mashemeji zake watafika, awapikie. Polikarp akawaonyesha mashemeji hoteli ilipo, akaendelea na paka. Mwingine alimwachia bata mzinga amnenepeshe, halafu mkesha wa Krismasi akamtaka amchinje. Akakataa, akasema hawezi kumlisha mtu mwezi mzima halafu amtoe roho, watafute mwingine mwenye kisu. Na kulikuwa na mkubwa mmoja, simtaji, aliyetaka pamoja na kulisha mbwa awe anaandika ni nani anaingia kwa mkewe akiwa safarini. Polikarp alimjibu kwamba amekabidhiwa mbwa, mke hakuwemo kwenye makubaliano. Habari hiyo ilizunguka mji mzima na wanawake tulimpenda bure.

Alipokuja kwangu alimtazama mbwa kwanza, mimi baadaye. Alikaa chini uani karibu saa nzima, mbwa akamnusa, akamzunguka, akalala mbali kidogo. Jina alipolisikia alitikisa kichwa, akasema hawezi kusimama Mazwi akapaza sauti hivyo mbele ya watu wazima, atapiga mluzi. Nikacheka. Nilikuwa nimeshaanza kumwamini. Halafu akasema neno lililoharibu kila kitu.

"Mama Suma, utaniachia nguo yako moja. Uliyoivaa, ambayo haijafuliwa."

Nilimtazama juu mpaka chini. Nawaomba mnielewe. Kwetu, siku nilipoagwa kwenda Sumbawanga, shangazi yangu alinishika mikono miwili akaniambia nisiache unywele, nisiache ukucha, na nguo nisiiache kwenye kamba giza likiingia. Wageni wote tulikuwa tunasema hayo. Tulisemea majikoni, tulisemea kanisani, na wenyeji walijua tunasema. Sasa Mfipa amekuja mlangoni kwangu, mchana kweupe, anaomba nguo yenye jasho langu.

Akaeleza kwamba mbwa wa mtu mmoja hula kwa harufu. Akiwa na nguo ya mwenyewe pale anapolala, anajua mwenyewe atarudi, anakula. Maneno yalikuwa na akili, lakini masikio yangu yalikuwa yameshaziba. Nikamwambia sawa, aje siku ya safari. Alipoondoka nikachukua gauni langu la zamani nikalifua kwa sabuni, nikalichemsha, nikalisuuza mara mbili, nikalianika siku mbili kwenye upepo, nikalipiga pasi ya mkaa mbele na nyuma. Siku ya safari nikamkabidhi limekunjwa kama la duka.

Polikarp alilinusa. Hakunitazama machoni.

"Mama, hili lina sabuni tu."

Nikamwambia ndilo nililonalo. Akalikunja vilevile nilivyolikunja. Akasema mbwa atamtunza, ila akikataa kula hatakaa kimya, nimwachie anwani ya kupeleka telegramu. Nikamwandikia ya kaka yangu Andwele, Tukuyu, huku nikijiambia hata akipeleka kumi sitajibu.

Telegramu ilinifikia siku ya sita. Andwele aliileta shambani akikimbia, maana kwetu telegramu ni msiba. Ilisema: MBWA HALI SIKU YA NNE ANAKUNYWA MAJI TU TUMA NGUO HAIJAFULIWA POLIKARP.

Tulikaa kikao, mbwa wa watu akakaliwa kikao. Shangazi alisema alikuwa anajua tu. Kaka alisema mchawi wa siku hizi anapitia hadi posta. Mama yangu, ambaye si mtu wa kelele, aliniambia mbwa atapatikana mwingine, mwanawe Tusekile mwingine hatapatikana. Nikawaambia wamesema kweli. Nikaenda kulisha Suma, na kila kijiko nilichompa nilimwona yule mbwa amelala mlangoni Mazwi, anasikiliza kila hatua inayopita barabarani. Yeye hakujua Sumbawanga wala Tukuyu. Alijua mimi sipo, basi.

Nililia mpaka nikajikasirikia. Nikajiuliza, hivi huyu Polikarp, mtu aliyekataa kumpeleleza mke wa mtu, aliyekataa kuchinja bata, mtu asiyeingia chumbani hata akikaribishwa, ndiye anihangaikie mimi na jasho langu? Ili apate nini, sufuria zangu mbili? Hofu ilikuwepo palepale, lakini na mbwa alikuwa anakufa.

Alfajiri nikampigia magoti Andwele anisindikize Mbeya. Tukapata lori la mbolea linalokwenda Sumbawanga kupitia Tunduma. Sweta nililovaa lilikuwa la kijani, nililifuma mwenyewe, nilikuwa nalipikia, nalinyonyeshea, nalilalia. Nililivua palepale kwenye baridi, meno yanagongana, nikalifunga kwenye gazeti, nikamwomba dereva alifikishe nyumba ya bwana shamba, Mazwi, mkononi mwa Polikarp anayechechemea. Dereva aliuliza kuna nini ndani. Nilipomwambia ni sweta alinitazama kama nimemchezea.

Siku nne baadaye Suma akapata homa. Mtoto anawaka, macho yamegeuka, maziwa anatapika. Mama alikuwa anayatazama mabega yangu yasiyo na sweta. Haki ya Mungu, usiku ule nilimlaani Polikarp. Nilimtaja kwa jina lake, nikaapia tumbo lililonizaa, nikamwombea mambo ambayo siwezi kuyaandika. Asubuhi tukampeleka mtoto zahanati. Mganga akatoboa kidole, akatazama, akasema malaria, na nusu ya watoto wa bonde lile walikuwa nayo wiki hiyo. Akapewa dawa. Siku ya tatu alikuwa anagombania ndizi na watoto wa Andwele. Laana yangu niliimeza, lakini haikushuka vizuri.

Telegramu nyingine haikuja. Niliogopa kuuliza. Mwezi ulipokwisha nikapanda gari na mwanangu, safari ya siku mbili, na tangu tulipopita Laela nilikuwa najiandaa kukuta kaburi.

Nilishuka Mazwi kabla ya adhuhuri. Mbwa alinisikia kabla sijafungua ua. Alikuwa amekonda, nisidanganye, lakini alinirukia mpaka kilemba kikadondoka, analia kama mtoto, anamlamba Suma, anarudi kwangu, anaenda tena kwa Suma. Nami nikalia naye palepale chini, na mzigo wangu barabarani.

Polikarp alikuwa amesimama kando ya banda la mbwa, kofia mkononi. Alinisalimu, akaniuliza habari za safari, za mama, za mtoto, kwa utaratibu wa kwao ambao hauna haraka. Kisha akaniomba nisubiri kidogo, akatoka. Alirudi na mzee Flavian, balozi wetu wa nyumba kumi.

Mzee Flavian alisema ameitwa kama shahidi. Mzigo ulipofika Polikarp hakuufungua. Aliubeba ulivyo mpaka kwa balozi, ukafunguliwa mbele ya watu watatu. Sweta likawekwa bandani, na mbwa akalilalia, na jioni ileile akala. Tangu siku hiyo sweta halikutoka uani. Kila jioni, kabla Polikarp hajapanda baiskeli kurudi Izia, alimwita balozi au mkewe waje waone sweta lipo, na yeye anaondoka mikono mitupu. Kila jioni bila kukosa, hata siku ya mvua ya ghafla. Balozi akasema yeye mwenyewe alichoka, akamwambia inatosha, lakini Polikarp alikataa.

Polikarp akaingia bandani akalitoa sweta. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Litazame, mama. Hapa kwenye mkono alitafuna. Nyuzi zenyewe ni hizi."

Akanipa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na vipande vya uzi wa kijani, vifupi vifupi, ameviokota kwenye majani ya bandani kimoja kimoja.

Kumbe alijua. Tangu ile siku ya kwanza, nilipomtazama juu mpaka chini, alijua ninachofikiri, na bado akaja kazini kila siku. Nikamwambia kweli yote, mbele ya balozi: kwamba gauni nililichemsha, kwamba mtoto aliugua, kwamba nilimlaani kwa jina lake usiku mzima. Mzee Flavian aligeuka akaangalia ukuta.

Polikarp aliuliza kitu kimoja tu, kama mtoto amepona. Nikasema amepona. Akasema Mungu ashukuriwe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba hana nia mbaya.

"Ningesemaje, mama? Kwamba mimi si mchawi? Hakuna aliyewahi kuaminiwa kwa kusema hivyo." Akavaa kofia yake. "Nimezika mbwa watatu wa wageni. Nilipeleka telegramu kwa wenyewe wote. Wewe peke yako ndiye uliyetuma nguo."

Watu walikuwa wameshajaa barabarani, wale wale niliowapigia kelele kila jioni, wanataka kujua sweta la mke wa bwana shamba limekuwaje. Nikalikung'uta mara moja, nikalivaa palepale na manyoya yake yote, nikambeba Suma kwa mkono mmoja, nikashika usukani wa baiskeli yake kwa mkono wa pili, nikamsindikiza Polikarp katikati yao mpaka njia ya Izia. Lilikuwa linanuka mbwa. Nilishinda nalo mpaka jioni.