Mkate wa Meza ya Bwana

Nikisikia harufu ya mkate unaookwa kwenye sufuria, makaa juu na chini, namwona bibi yangu. Ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana, na kwetu kuuonja kabla ya ibada ilikuwa dhambi. Jumapili moja, tukielekea kanisani, tulikuta wakimbizi wameshuka mtumbwini pale ufukweni Kibirizi, watoto wanalia kwa njaa. Bibi akafunua kikapu, akaanza kuwamegea.

“Mama, huo ni mkate mtakatifu!” mzee wa kanisa akafoka.

“Daudi naye alikula mkate mtakatifu, mzee, alipokuwa anamkimbia Sauli. Hawa wanakimbia vita.”

Nami nikanyoosha mkono. Bibi akauchapa.

“Wewe unakimbizwa na nani?”