Nguvu za Ekseli: Kutoka Wundanyi Hadi Kuze na Kurudi

Niliteremka Mombasa kwa sababu ya kibati cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiganja. Kibati hicho hupigiliwa karibu na mlango wa dereva, nacho husema ekseli ya mbele imeundwa kubeba uzito gani na ya nyuma uzito gani. Kwenye basi la shule yetu palikuwa na matundu manne na kutu tu. Mkaguzi wa magari alipolizunguka mwishoni mwa likizo, aliyatazama matundu yale akasema gari hili ni kuukuu, na bila barua yenye mhuri kutoka karakana inayojulikana, ikieleza nguvu za kila ekseli, halitabeba mtoto hata mmoja siku ya kufungua shule.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi iliyo mlimani, juu ya Wundanyi. Watoto wa bondeni, upande wa Mwatate, hawakuwa na njia nyingine ya kufika kwetu ila basi hilo. Nyumba yangu pia iko bondeni, na binti yangu Wakesho, aliyekuwa darasa la sita, hakukubali kukaa popote isipokuwa kiti cha mwisho kabisa, kwa kuwa huko nyuma ndiko basi lilikobembea zaidi.

Basi lenyewe tulilipata kutoka madrasa moja ya mtaa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, na sifa yake kubwa ilikuwa ulaini. Wageni wakilipanda hawakuacha kulisifu. Kwenye kona za mlimani lilinesa, watoto wakashangilia, na sisi walimu tukajiona watu wa maana. Shule jirani ilikuwa na basi jipya kuliko letu, lakini lao lilirusha watu, na hilo tuliwakumbusha kila tulipokutana kwenye michezo.

Alhamisi asubuhi tuliondoka, mimi na dereva wetu Mwakio, basi likiwa tupu. Mwalimu mkuu alitusindikiza hadi langoni. "Jumatatu tunafungua," akasema. "Usirudi bila mhuri." Nilimjibu kwamba sikuwa na mpango wa kuhamia Mombasa.

Tuliteremka Mwatate, tukafika Voi, tukashika barabara kuu. Mwakio ni mtu wa maneno machache, na machache hayo kwa kawaida ni malalamiko. Tulipopita Mackinnon Road alisema, "Mwalimu, hili basi limekalia nyuma. Hata tupu limekalia nyuma." Nikamwambia hata mimi nimekalia nyuma, umri ndio huo, aendeshe.

Mariakani malori yalikuwa yamejipanga foleni ndefu kungoja mizani, madereva wamelala chini ya matrela. Sisi tulipita bila kuulizwa. Mabasi ya shule hakuna anayeyapima, nikawaza, na wazo hilo likapita pamoja na foleni.

Mchana tuliingia kisiwani kwa njia ya Makupa, tukakata kuelekea Shimanzi. Huko ni maghala, yadi za makontena na vumbi lisilotulia, na kila lori linalokupita lina haraka ya kufika bandarini. Karakana tuliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya ghala la chai. Fundi mkuu wake, Karisa, Mgiriama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitusalimu kwa utaratibu wote: habari za nyumbani, za njia, za watoto, za mvua. Kisha akalizunguka basi mara moja akasema, "Njooni niwaonyeshe ndugu yake."

Nyuma ya yadi palikuwa na basi lililokufa, halina injini wala viti. Lilikuwa chasi ileile na kiwanda kilekile. Na karibu na mlango wa dereva, kibati kizima. Karisa alikifuta kwa mate na kidole, akasoma: mbele tani nne, nyuma tani nane. Nilikaribia kumkumbatia.

"Basi andika barua," nikasema.

"Hapana, mwalimu. Kibati hiki ni cha maiti huyu. Lako limepita mikononi mwa watu, na shimo langu la kukagulia lina lori mpaka kesho. Lilikuwa la nani?"

Nikamtajia madrasa ya Kuze na mwalimu wake, Ustadhi Abdulrahman.

"Namjua. Nenda kamuulize kama huku nyuma paliguswa. Akisema ekseli haikuguswa, kwangu yatosha. Mhuri nitaupiga kwa neno lake."

Usiku huo tulipumzika Ganjoni kwa binamu yangu, katika fleti ya ghorofa ya tatu yenye joto la kuokea mikate. Nililala vizuri. Nilikuwa na hakika kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni adabu tu.

Ijumaa asubuhi tuliliacha basi upande wa Makadara, kwa sababu vichochoro vya Kuze havipitishi hata mkokoteni bila mazungumzo. Mwakio alibaki kulilinda. Mimi nilijifunga leso kichwani nikaingia kwa miguu, nikiuliza kila duka. Kwa vile madrasa hazisomeshi siku hiyo, Ustadhi nilimkuta nyumbani, ameketi barazani na kofia yake nyeupe. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Sabalkheri, Ustadhi. Natoka Taita, shule iliyonunua basi lenu."

"Sabalkheri, mwalimu, karibu sana. Masha Allah, basi lingali hai?"

Nikamweleza shida yangu. Hakusita. "Ekseli haikuguswa. Tangu tulipolipata mpaka tulipowapa nyinyi, si ya mbele si ya nyuma. Mwambie Karisa mimi nimesema."

Nilishukuru nikasimama. Hapo ndipo aliponizuia kwa mkono. "La, mwalimu. Mgeni wa kike hatoki barazani kwetu bila kumuona mama. Atanigombeza wiki nzima." Nilitaka kukataa. Nilikuwa na mhuri wangu kichwani na niliona saa zinakwenda. Lakini kukataa kungekuwa ufidhuli, kwa hiyo nikavua viatu nikaingia.

Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa uani jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi wa mchana. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ngia, ndoo uketi hapa karibu yangu. U hali gani? Watoto hawajambo?" Akaniwekea sahani ya mahamri na mbaazi kabla sijamaliza kujibu, kisha akarudi kwenye nazi yake. "Na lile basi letu mwalionaje?"

"Halina mfano, bibi. Laini, utadhani limewekewa godoro."

Alicheka mpaka akaacha kukuna. "Ulaini huo ni wangu mimi! Lalipokuja lalirusha watu kama bisi. Twenda harusini Malindi, twarudi migongo haina mwenyewe. Nikamwambia mwanangu, ama ulitengeze ama mimi sipandi tena. Akamwita fundi, akatoa vile vyuma bapa vya springi huko nyuma, viwili upande huu, viwili upande huu. Tangu siku hiyo twaenda twasinzia."

"Vyuma vyenyewe viko wapi, bibi?"

"Si mhunzi wetu wa mtaani alivitaka. Akatutengezea visu na vyuma vya mbuzi, mtaa mzima. Hiki ninachokunia ni cha basi lako. Tazama kinavyokata."

Nilikitazama. Kilikuwa cheusi, kina meno mazuri, kimejaa nazi nyeupe. Niliweka sahani ya mbaazi chini. Nilimuona Wakesho kwenye kiti chake cha nyuma, basi likinesa juu ya korongo, naye akishangilia pamoja na wenzake. Nakiri kwamba nilimchukia bibi yule kwa muda mfupi, nikajichukia mimi kwa muda mrefu zaidi, kwa vile nilivyokuwa nikitamba na ulaini ule.

"Bibi," nikasema, "vyuma vile ndivyo vilivyobeba uzito wa nyuma. Ekseli ni nzima, lakini juu yake hakuna tena cha kutosha kuupokea mzigo."

Alinikazia macho. "Sisi tulikuwa wanawake kumi, kumi na tano, hatuzidi. Watoto wa chuo chetu cha Kurani nao hawakutoka nje ya kisiwa. Nyinyi mwapakia wangapi?"

"Sitini. Na njia yetu ni ya mlima."

"Na wako yumo?"

"Yumo. Hukaa nyuma kabisa."

Akakisukuma kibao cha mbuzi pembeni, akaita, "Abdulrahmani! Ndoo hapa!" Ustadhi alikuja, akasikiliza akiwa amesimama, na uso wake ukabadilika. "Niliulizwa ekseli," akasema taratibu, "nikajibu ekseli." Hilo lilikuwa kweli, na kila mmoja wetu alijua kwamba halisaidii. Neno lake ningeweza kulichukua lilivyo hadi Shimanzi, na mhuri ungepigwa kabla ya adhuhuri. Sikufikiria hilo kwa muda mrefu.

Baada ya sala ya Ijumaa shimo lilikuwa wazi. Nilimweleza Karisa yote, akaingia chini ya basi na taa. Alipotoka alikuwa ameivua miwani. "Mwalimu, kwa springi hizi kile kibati ni hadithi tu. Wala sijui limewezaje kupanda mlima kwenu."

"Na springi za lile lililokufa?"

"Nzima kabisa. Lakini si zangu tena. Nimemwahidi mwenye lori la saruji, na kesho anakuja kuzichukua."

Nilimbembeleza. Nilimtajia watoto, kufungua shule, mkaguzi. Karisa alinisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa. Ameahidi, akasema, na fundi anayevunja ahadi Shimanzi hapati kazi tena. Nilirudi Ganjoni nimenuna kiasi kwamba binamu yangu hakuthubutu kuniuliza. Nilipanga nitakavyowaambia wazazi wa bondeni kwamba watoto wakae nyumbani, na kila maneno niliyoyapanga yalikuwa mabaya kuliko yaliyotangulia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Shimanzi na Mwakio kuchukua basi turudi. Nilikuta watu wawili wasiofanana na yadi ile: Bi Zuhura katika buibui lake, amesimama katikati ya matairi na mafuta machafu, na mwanawe kando yake. Alikuwa ameshika leso iliyofungwa fundo. Akaifungua juu ya meza ya Karisa. Ndani mlikuwa na vyuma vitatu vya mbuzi na kisu kikubwa kimoja, vimeoshwa.

"Nimepita kwa majirani," akasema. "Hivi ndivyo nilivyopata."

Karisa alikigeuza kimoja mkononi. "Bibi, hivi haviwezi kurudi kuwa springi."

"Najua, mwanangu, sikuzeeka hadi hapo. Lakini sitaki kukunia nazi chuma cha watoto wa watu. Mwanangu alikupigia simu jana, ukamwambia springi waziwekea lori. Lachukua nini lori hilo?"

"Saruji."

"Saruji haina mama."

Karisa akaingia ofisini, tukamsikia kupitia dirishani akizungumza kwenye simu na mwenye lori, kwa upole kwanza, kisha kwa upole mwingi zaidi, akimuomba angoje springi nyingine hadi wiki ijayo. Alipotoka alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. "Mwakio," akasema, "lilete basi shimoni."

Walifanya kazi mpaka magharibi. Basi lilipotoka, nyuma yake ilikuwa imeinuka, nami nilishangaa kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimeona lilivyokuwa limeinama. Barua ikaandikwa: mbele tani nne, nyuma tani nane. Mhuri ukapigwa. Bi Zuhura hakuwepo. Alikuwa ameshaondoka, lakini alikuwa ameacha chuma kile cha mbuzi yake mwenyewe nipewe. Kwetu mlimani nazi ni za kununua kwa nadra. Nilikichukua hata hivyo, nikakifunga kwenye leso.

Jumapili tulirudi, na njia nzima kuanzia Miritini hadi Voi basi liliturusha. Kila shimo la barabara lilitufikia kiunoni. Mwakio alilalamika tangu Mazeras, safari hii kwa sentensi ndefu. "Tulikwenda na basi, mwalimu, tunarudi na punda." Nikamwambia punda hupanda milima. Kwenye kona za Wundanyi nilimtazama akikata usukani. Basi halikunesa. Lilisimama wima, likapita, na Mwakio akanyamaza hadi tulipofika.

Wenzangu mnaonunua magari yaliyotumika, nimewaandikia haya ili msitosheke na kibati. Kibati husema gari lilivyozaliwa. Waulizeni pia walioketi ndani yake walikuwa wakiumwa wapi, na fundi aliwaondolea nini ili wasiumwe. Na mkikaribishwa ndani, ingieni, hata kama mna haraka.

Jumatatu mkaguzi alisoma barua, akatuachia njia. Mwalimu mkuu alipopanda basi mara ya kwanza alishuka akijishika mgongo, akaniuliza nimelifanyia nini basi letu la sifa. Shule jirani walipata habari, wakacheka. Jumatatu hiyohiyo asubuhi nilikwenda kukaa nyuma kabisa, kando ya Wakesho, watoto wa bondeni wote wakiwa wamejaa mbele yetu. Kwenye kona ya kwanza tulirushwa, kichwa chake kikagonga dirisha.

"Mama," akasema akijisugua, amekasirika, "basi limeharibika."

"Limepona," nikamwambia. "Jishikilie."