Mgeni Haulizwi Siku

Nilijifunza Kiingereza cha mapokezi wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kupokewa. Ilikuwa baada ya zile fujo za Likoni za mwaka 1997, zilizoua watu. Watalii walikuwa wameukimbia ufukwe wa Diani, hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine, na wafanyakazi walirudishwa makwao. Sisi wanafunzi tisa tulikaa katika chumba nyuma ya duka la vitambaa pale Ukunda, tukirudia kwa sauti moja, "May I help you, madam?" Ungetusikia ungedhani ndege nzima ya wageni imeshatua.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa bara, aliyewahi kuwa mkuu wa mapokezi kabla ya kuachishwa kazi. Alitupitisha katika malazi yote ya wageni: hoteli kubwa za ufukweni ambazo mgeni hulipia chumba na chakula kwa pamoja, vijumba vyenye jiko ambamo mgeni hujipikia au huajiri mpishi, nyumba za kupangishwa kwa wiki, gesti za mjini. Mwisho zilikuja kambi za mahema, za vijana wenye mabegi mgongoni, ambao alituonya tusiwadharau. Mimi nilikulia Waa, katika nyumba ya udongo ambayo mgeni akifika hupewa kitanda na mwenyeji akahamia mkekani. Sikujua kwamba kulala kuna aina zote hizo.

Maswali nayo yalikuwa na utaratibu wake. Jina, chumba cha kutazama bahari au bustani, kitanda kimoja au viwili, kisha mgeni anaulizwa atakaa siku ngapi: "How many nights will you be staying, sir?" Hapo nilinyamaza.

"We, mbona umekwama?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, hilo si ni kumfukuza mgeni?"

Darasa likacheka, isipokuwa wasichana wawili wa Msambweni, watu wa pwani kama mimi. Kwetu mgeni haulizwi siku. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza shangazi yangu wa Ramisi ataondoka lini, nikitaka tu kujua kama tutakuwa naye Idi. Mama alinifinya paja mpaka nikaruka. Kesho yake asubuhi shangazi alifunga mzigo wake akaenda zake, na radhi zote tulizomwomba hazikumzuia.

"Wacheni hizo," mwalimu akasema. "Si ni nyinyi watu wa Coast mnasema mgeni siku ya tatu mpe jembe?"

"Jembe tunampa, mwalimu. Ila hatumwulizi atalirudisha lini."

Hata yeye alicheka. Kisha akaniambia nifanye mazoezi, kwa sababu bila swali lile chumba hakigawiki. Nilifanya. Nililisema njia nzima kutoka Ukunda, nikaliambia hata kuku wa mama.

Mwezi huo hoteli moja iliyobakiza upande mmoja tu wazi ilitaka mtu wa mapokezi. Mtu mmoja. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili tangu kidato cha nne, na niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilijua pia kwamba nikiikosa sitapata nyingine, kwa sababu nyingine haikuwapo.

Meneja alikuwa mtu wa pwani, mzee mwenye mvi kichwa kizima. Alijifanya mgeni: alitoka nje, akaingia na begi, akasimama mbele yangu. Nilimwuliza jina kwa Kiingereza safi. Nilimwuliza kuhusu bahari na kitanda. Nilimwuliza kama angependa kinywaji baridi. Halafu nikanyamaza.

Alingoja. "Hakuna ulilosahau, binti?" aliuliza kwa upole, sasa kwa Kiswahili.

Sikuwa nimesahau. Swali lilikuwa mdomoni, zima, pamoja na tafadhali yake. Lakini nilizitazama zile mvi, nikalitazama begi ambalo hata hajalitua, na nikashindwa. "You are most welcome, sir," nilisema. Akaandika kitu, akanishukuru. Kazi alipewa msichana wa bara aliyeuliza maswali yote bila kukwama, na sikuwa na la kumlaumu.

Nilimkuta mama kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilimsimulia yote, nikangoja anikaripie.

"Ni mtu mzima?" aliuliza.

"Ana mvi tupu, mama."

"Na hukumwuliza."

"Sikumwuliza."

Uso wake ukakunjuka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu nimalize shule. "Alhamdulillahi," alisema. "Basi mwanangu nimemlea."

Afadhali angenipiga. Meneja alinikataa mara moja tu, tena kwa adabu. Mama alinisifu miezi na miezi, kwa kila jirani aliyepiga hodi, na kila aliponisifu niliikosa kazi ile upya.