Tangawizi ya Bibi Chini ya Mitende ya Ibra

Harufu ya tangawizi mbichi inayovunjwa kwa mkono hunirudisha Ibra, kwenye shamba la mitende la babu, maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, yakipita na udongo uliolowa ukinijaa kuchani. Babu, Mwarabu wa hukohuko, alizaliwa Ibra na hakupata kuvuka bahari. Bibi Zuwena alizaliwa Unguja mjini, na kwa kuwa ametoka Unguja, mtaa mzima uliamini anajua kulima kila kitu kinachotiwa kwenye pilau. Ukweli ni kwamba kwao walikaa ghorofani, na tangawizi aliijua ikitoka kwenye kikapu cha sokoni. Lakini alisifiwa kwa utaalamu huo miaka mingi mpaka akausadiki mwenyewe.

Katika shamba lile kila mtende ulikuwa na mwenyewe: huu wa shangazi, ule wa ami, na hata mimi nilikuwa na wangu, niliopewa nilipozaliwa. Bibi peke yake hakuwa na kitu. Mwaka nilioanza kusoma Kurani akaomba kona ya nyuma, penye kivuli kizito cha mitende mikongwe na midimu. Babu alikuwa ameikusudia kona hiyohiyo kwa majani ya mbuzi wake. Wakakubaliana mbele yetu: msimu wa baridi ukifika na bibi hana cha kuonyesha, kona ni ya mbuzi. Mimi nilikuwa upande wa bibi bila kuulizwa. Tulinunua tangawizi zilizoanza kuchipua, tukazifukia kwenye matuta ili maji ya falaji yasizizamishe, tukatandaza makuti makavu juu yake. Majira ya joto, mchanga wa nje ukiunguza nyayo, pale chini palikuwa na ubaridi, na majani membamba ya kijani yakapanda hadi kiunoni kwangu. Bibi alijaa furaha. Wageni walipitishwa kwanza shambani, ndipo wakaletewa kahawa na halua.

Baridi ilipoingia, majani yakageuka manjano, kisha yakalala chini. Bibi hakuwa na shaka kwamba ni jicho la husuda. Alimshuku jirani mmoja aliyesifu sana bila kusema mashallah, akazunguka matuta yote na chetezo cha ubani, nami nyuma yake nimebeba makaa. Majani yakazidi kufa. Hatimaye babu akaja na jembe, akasimama kwa huruma kabisa, akasema kwa Kiswahili chake alichofunzwa na bibi mwenyewe, "Ya Zuwena, mgonjwa yetu imekufa."

"Basi chukua, uwapandie mbuzi wako," bibi akajibu, akaingia ndani. Kikombe chake cha kahawa kikabaki kimejaa, jambo ambalo sikuwahi kuliona, nami nikalia.

Babu alipiga jembe mara moja tu, akasita. Harufu ilinifikia hata mimi niliyekaa mbali, kamasi zikinitoka. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akatoa shina zima la tangawizi nene, zimeshikamana, zimejaa udongo. Nikakimbia kumwita bibi. Alikuja, akazitazama, kisha akajitanda kanga yake vizuri.

"Majani yakifa ndiyo imeiva," akasema. "Kwani wewe hukujua?"

Babu akacheka mpaka akakaa chini na kanzu yake nyeupe. Alipoweza kusimama, akaburura jembe kuizunguka kona yote, akaacha mstari kwenye udongo. "Hii ya Zuwena," akatuambia sote. Jioni ile tulikunywa chai ya tangawizi, kali hata machozi yakatutoka, na mbuzi wakalishwa majani ya kununua.

Sasa naishi Nizwa, na tangawizi naikuta dukani mwaka mzima, imeoshwa, wala haimpi mtu hofu yoyote. Babu amefariki. Shamba lilipogawiwa warithi, hakuna aliyeigusa kona ile, na bibi angali anawafundisha wageni kilimo akiwa kitini. Juzi binti yangu, aliyekwenda Ibra kukaa naye, alinipigia simu akilia: majani yote yamekuwa manjano, na hajui amwambieje bibi. Nikamwambia amtolee kiti shambani, kisha akatafute jembe.