Hodi ya Bolti

Juzi mjukuu wangu alikuwa akifunga chupa ya asali. Kifuniko kilikaa upande, naye akakilazimisha, kikatoa ule mkwaruzo wa kitu kinachotafuna kitu. Nilimpokonya chupa kwa ukali uliomshtua mtoto wa watu, nikaenda kukaa uani peke yangu. Mwenzenu sauti ile siiwezi. Nimeibeba tangu miaka ya hamsini, tangu Mlandege, Iringa, nilipokuwa na umri wa miaka kumi.

Baba yangu alikuwa fundi wa pikipiki, na kibanda chake kilinuka mafuta ya taa, oili iliyoungua, na uji wa tangawizi aliokunywa asubuhi za baridi. Mimi nilipewa jina la mama yake, Mwanaidi, kwa hiyo baba hakuniita kwa jina. Aliniita "mama". "Mama, niletee spana." "Mama, umekula?" Wateja wageni walicheka kumwona mtu mzima na ndevu zake akimwita mama mtoto mwenye kamasi puani.

Mafundi wenzake walimwita Fundi Hodi. Alishikilia kwamba bolti haiingii nyumbani kwa mwenzake bila kubisha hodi. Ukishaiweka kwenye tundu lake, ikiwa safi, unaizungusha kwanza kinyumenyume kwa vidole, polepole, mpaka uisikie ikidondoka kidogo: tk. Hapo hesi zake, ile mifereji iliyoizunguka, zimekutana na hesi za tundu.

"Umesikia, mama? Imeambiwa karibu."

Ndipo unaigeuza mbele, kwa vidole bado. Spana huja mwisho. Ikigoma, unaitoa na kuanza upya. Ikigoma mara tatu, unaiacha, unaifuta, unaangalia ina nini, kama mgeni aliyepiga hodi tatu bila kujibiwa anavyoondoka zake. Alikuwa mkali zaidi wakati wa kufunga kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaofungua vali za injini. Kifuniko chake hukazwa kwenye alumini, na alumini ni laini. Ukiilazimisha, hesi zinaliwa, na zikishaliwa hazirudi.

Pikipiki yake mwenyewe ilikuwa imefumuliwa wiki kadhaa, ikingoja kemshafti kutoka Dar es Salaam. Ilifika Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya dereva wa lori kutuletea habari kutoka Iyunga, kule Mbeya: bibi yuko hoi, anamuulizia mwanawe. Basi la Mbeya lilikuwa mpaka Jumatatu. Baba aliazimia kuondoka na pikipiki Jumamosi.

Alifanya kazi bila kutia kitu mdomoni. Adhana ya alasiri ilimkuta amebakiza bolti mbili za kifuniko. "Usiziguse, mama," akasema, akanawa mikono, akaenda kuswali.

Nilizigusa. Nilikuwa nimemsikia mama yangu mzazi akimnong'oneza jirani kwamba bibi hana siku nyingi, na akili yangu ya kitoto iliona bolti mbili zile ndizo zinazomchelewesha baba. Ya kwanza iliambiwa karibu, ikaingia vizuri. Ya pili niliipigisha hodi mara tatu, kimya. Nilijua la kufanya. Nililijua vizuri, ndiyo maana sijawahi kujisamehe. Nikachukua spana. Ikaanza kuingia kwa shida, nikafurahi, nikakaza zaidi. Ikakwaruza, kisha mara moja ikawa nyepesi mkononi, inazunguka bure. Nilipoitoa ilikuwa imejisokotea nywele za alumini, zinang'aa.

Baba aliporudi alizitazama zile nywele muda mrefu. Hakunipiga wala hakuniuliza kitu. Alijaribu kuizungushia bolti uzi wa pamba, akajaribu sabuni, akajaribu kipande cha bati alichokikata chembamba. Kila injini ilipowaka, oili ilifoka palepale. Kwa hali ile isingefika hata Makambako. Mwisho aliketi chini kando ya pikipiki, akalia. Sikuwa nikijua kwamba baba naye hulia.

Jumatatu tulipanda basi, mimi na yeye. Bibi alikuwa ameshazikwa Jumapili.

"Kaka, ulikuwa wapi?" baba mdogo alimuuliza tulipofika kwake, kwenye matanga. "Mama amekuita mpaka sauti ikamkauka."

"Niliharibu bolti ya kemshafti. Haraka zangu mwenyewe."

"Wewe? Fundi Hodi?"

Baba aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, na ukweli wote ninao mdomoni. Sikuusema siku ile, na mpaka anakufa sikuwahi kumwomba radhi.

Baadaye aliinuka peke yake kwenda nyumba ya bibi, jirani tu. Nikamfuata. Mlango ulikuwa umerudishiwa, ndani hamna mtu. Baba alisimama kizingitini, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hodi." Akangoja. "Hodi." Akangoja tena. Akasema ya tatu, nami nikajua sasa ataondoka, maana ndivyo alivyonifundisha. Hakuondoka. Aliegemeza paji la uso kwenye ule mlango, akaita, "Mama?"

"Abee," nikaitika.

Niliitika kwa mazoea, ndugu zangu. Maisha yangu yote neno lile lilikuwa langu. Baba aligeuka, na usoni alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima yeyote. Ilidumu pumzi moja tu. Kisha akaona kwamba ni mimi.

Tangu siku ile aliniita Mwanaidi, mpaka alipofariki. Miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu ya bolti, na niliipokea bila kulalamika. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipokuja kutambua kwamba ile bolti alinisamehe palepale kibandani. Kilichomshinda ni kulitamka tena lile neno, akaitikiwa, akageuka, akanikuta mimi.