Nahodha Salim Bado Yuko Safarini

Naungama. Nikiwa edani, nyumbani kwetu Makadara, mimi msomi wa miaka hamsini nilikuwa nikicheza mchezo wa kompyuta wa marehemu mume wangu, nikipeleka chombo chake toka sayari hadi sayari kuuza madini. Wachezaji wenzake waliniandikia wakidhani ni yeye, nami nikajibu kwa jina lake. Juzi, wageni wa tanzia wakiwa sebuleni nami chumbani, nilijisahau nikamfokea mnunuzi: "Ongeza bei, bwana wee!"

Sauti yangu ilifika sebuleni. Wifi yangu Rukia akafungua mlango.

"Wifi, umo edani! Bwana gani huyo?"

Nilimwonyesha kioo cha kompyuta. Ujumbe ulikuwa umeingia: "Nahodha Salim, msalimie mkeo."

Alilisoma jina la kaka yake, akaketi kitandani.

"Hujawaambia?"

"Nilitaka amalize safari kwanza, wifi."